Mtoto anavuta biki

Ndugu mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo niseme jambo linaloniuma kuhusu hizi muvi.

Jumapili nilimkuta mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, kakaa peke yake nyuma ya nyumba, biki kaibana katikati ya vidole viwili, anavuta taratibu jicho moja kalifumba, halafu anainua kidevu anapuliza moshi ambao haupo, akimaliza anakung'uta na majivu. Kwetu hakuna anayevuta. Nikamuuliza anko, nani kakufundisha? Akanijibu bila hata kushtuka, "stelingi ndo anafanyaga hivi kabla hajawapiga." Kumbe wanaendaga kibanda umiza wakitoka shule.

Najua watu watasema hiyo michezo tu, mbona sisi tumekua na Rambo na hatuvuti. Sawa, ila wapo niliokaa nao benchi moja pale kibandani ambao mpaka leo hawajaacha, walianza darasa la sita kwa kununua sigara moja dukani wanapokezana watatu. Na huyo huyo Stallone wa Rambo mwaka 1983 alimwandikia wakala wa kampuni ya tumbaku ya Marekani, Brown & Williamson, akiahidi kutumia sigara zao kwenye muvi zisizopungua tano kwa dola 500,000. Sasa mfanyabiashara gani anatoa hela yote hiyo kama haimrudii? Kule kwao ilibidi majimbo yawabane mpaka mwaka 1998 kampuni kubwa zikasaini kuacha kulipia mambo hayo, na mwaka 2012 daktari mkuu wa serikali yao akatoa ripoti kwamba kuona uvutaji kwenye muvi kunasababisha vijana kuanza kuvuta, hakusema labda.

Stelingi anavuta muvi nzima hakohoi hata mara moja, anaruka mapaa, anapiga watu kumi. Baba yangu mdogo alivuta miaka mingi, mwisho akipanda ngazi tatu tu anakaa chini kashika kifua, hiyo hakuna anayeionyesha.

Wahindi tangu 2012 muvi ikiwa na sigara lazima ianze na tangazo la madhara na onyo likae chini ya skrini wakati mtu anavuta. Ni vizuri, lakini onyo la kiingereza au kihindi linamsaidia nini mtoto wa darasa la tatu huku kwetu? Shirika la Afya Duniani linashauri muvi zenye sigara zipewe daraja la watu wazima, na mimi naomba bodi zetu zifanye hivyo na mwenye kibanda abanwe mlangoni, maana sasa hivi ukiwa na hela ya kiingilio unapita hata na kaptula ya shule.

Ile biki nilimnyang'anya. Jana nimemkuta na kijiti cha pipi.

Mjomba mtu, Dar es Salaam