Uhaba wa mvinyo una sura mbili

Ndugu Mhariri,

Wanaosifu mvinyo adimu wa wazalishaji wadogo husahau kwamba uhaba wake una vyanzo visivyofanana. Shamba la Romanée-Conti huko Burgundy, Ufaransa, lina ukubwa wa hekta 1.8 tu, na hakuna fedha inayoweza kulipanua. Ndiyo maana chupa yake moja ya mwaka 1945 iliuzwa mnadani New York mwaka 2018 kwa dola 558,000. Sura ya pili ni ya namna ya kuuza: mvinyo wa Screaming Eagle wa Bonde la Napa, Marekani, ambao mavuno yake ya kwanza ya mwaka 1992 hayakufikia hata makasha 300, huuzwa hasa kwa walioandikishwa katika orodha ya kampuni, nao wengine hungoja miaka mingi.

Anayekosa nafasi hukimbilia kwa walanguzi, na hapo ndipo penye hatari. Rudy Kurniawan, aliyechanganya mvinyo wa bei nafuu nyumbani kwake California na kuubandikia lebo za kifahari, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2014 baada ya kuwalaghai matajiri waliojiona wajuzi.

Kwa maoni yangu, mtafutaji makini amfuate mkulima kabla sifa za wakosoaji wa mvinyo hazijampandishia bei, na adai ushahidi wa mikono yote ambayo chupa imepitia. Naomba ukurasa wenu wa biashara ueleze namna ushahidi huo unavyokaguliwa.

Msomaji wenu,
Arusha