Hichi kidude kinacholia tik tik tik kwenye injini ni cha nini?

Mteja wetu katutumia picha kaipiga karibu mno, kinaonekana kidude cheusi tu cha plastiki, saizi ya kiberiti hivi, kina vibomba viwili vya mpira na soketi ya waya mbili, afu akaandika "mafundi hichi ni nini, kinalia tik tik tik, nikitoe?" Maswali ya hivi tunayapata sana na tunayapenda, maana mtu akiuliza kabla hajang'oa kashajiokolea hela.

Alishauliza watu wengine kabla yetu. Mmoja kamwambia ni nozeli ya ziada ya kusaidia injini kuwaka ikiwa ya baridi, mwingine kasema sensa ya joto, wa tatu kakazana kwamba ni chujio la petroli kwa sababu ukikisogelea kinanuka petroli. Hawa wote walikuwa na sababu zao, ila walikiangalia kidude chenyewe wakaacha mabomba, na kwenye injini mabomba ndo yanayosema ukweli. Sensa ya joto mabomba mawili ya nini? Nozeli inapokea petroli yenye presha, haiwezi kufungwa na mpira mlaini wenye klipu unayoibana kwa vidole. Na chujio la petroli lingekaa kwenye njia ya petroli yenyewe.

Kwa hiyo tukamwambia fuata bomba moja moja mpaka mwisho. La kwanza fupi, linaingia kwenye manifoldi pale baada ya throto (lango la kuingizia hewa), sehemu ambayo injini inavuta hewa kwa nguvu. La pili refu, linapita chini ya gari mpaka nyuma karibu na tanki na linaishia kwenye boksi ambalo ndani limejaa punje za mkaa. Hapo jibu limepatikana, hiyo ni paji valvu.

Kazi yake iko hivi. Petroli kwenye tanki inatoa mvuke muda wote, hata gari likiwa limepaki juani, na ule mvuke ukiachwa utoke nje ni hewa chafu na petroli yako inapotea. Marekani walishaanza kuyabana magari mapya kwenye hilo tangu miaka ya 1970 mwanzoni. Ndo maana ukawekwa ule mkaa, unaunasa mvuke na kuushika, afu injini ikishapata moto kontrol boksi (kompyuta ya gari) inafungua paji valvu, mvuke unavutwa kwenye manifoldi na kuunguzwa pamoja na petroli ya kawaida. Ila haifungui moja kwa moja, inafungua na kufunga haraka haraka ili mvuke uingie kwa kipimo, na ule mlio wa tik tik ndo huo. Kama gari linawaka vizuri na taa ya cheki injini haijawaka, mlio huo ni afya, kiache.

Tatizo linakuja ikikwama wazi. Hapo injini inavuta mvuke hata wakati haitakiwi, na dalili yake kubwa ukishaijua hutoisahau, gari linawaka fresh siku zote ila ukitoka kujaza tanki tu linakataa, unapiga stata mara tatu nne mpaka ukanyage mafuta ndo linawaka kwa shida huku linatetemeka. Wengi wanakimbilia kubadilisha plagi, wengine wanashusha pampu ya petroli, kumbe ni hichi kidude. Ukipima na mashine, kodi (namba za tatizo) zinazokuja mara nyingi ni P0441 au P0496, ukiona P0443 anza na waya na soketi yake.

Kuna gari lililetwa kwetu na tatizo kama hilo, ilikuwa imeshapita kwa fundi mwingine. Tukafungua boneti tukakuta bomba la kwenda kwa paji valvu limekatwa, ndani kasukumiwa bolti na juu kazungushiwa raba ya tyubu na waya wa kufungia. Gari lilikuwa linawaka ndiyo, lakini mvuke haukuwa na pa kwenda, mwenye gari alikuwa anasafiri na watoto siti ya nyuma humo ndani kunanuka petroli na yeye akaambiwa ni kawaida. Sio kawaida. Hilo lilituuma kwa kweli, maana valvu yenyewe kwenye magari mengi ni bolti moja, klipu mbili na soketi.

Na tukishabadilisha huwa tunauliza swali moja, ukijaza mafuta, bomba la sheli likishajizima lenyewe unaongezea? Maana ile ya kuongezea kidogo kidogo mpaka shingoni inaweza kupeleka petroli yenyewe, sio mvuke, kwenye mkaa, mkaa unaloa, punje zinavunjika na vumbi lake linasafiri mpaka kwenye paji valvu na kuizuia isifunge. Utabadilisha valvu mpya na mwezi huo huo itakwama tena kama boksi la mkaa limeshaharibika.

Unataka kujipimia mwenyewe? Zima gari, injini iwe ya baridi, pasiwe na moto wala sigara karibu. Chomoa lile bomba refu kwenye valvu, washa gari, weka kidole kwenye mdomo wa valvu pale ulipolichomoa. Injini ikiwa bado ya baridi kidole hakitakiwi kuvutwa, kikivutwa kwa nguvu na ukichomoa soketi bado kinavutwa basi imekwama wazi.

Na ukitutumia picha ya kidude chochote usichokijua, rudi nyuma kidogo, tuone mabomba na waya zinakoelekea, hiyo moja inatosha kuliko picha kumi za karibu.