Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga: kabla ya miche, tupatieni mtu wa kukaa

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: UONGOZI WA KAZI YA KURUDISHA UOTO WA ASILI SHINYANGA

Mwangaluka, Mheshimiwa. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima na mfugaji katika mkoa wako. Nina ng'ombe wachache, shamba la pamba na mtama, na ngitili ya ekari saba niliyorithi kwa baba. Ngitili hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwaka huu nimempokea afisa misitu wa tatu katika miaka mitano, kijana mstaarabu na msomi, naye akaniuliza swali lilelile la wenzake waliomtangulia: "Mzee, hapa ulipanda miti gani?"

Sikupanda mti hata mmoja. Migunga ile na mikwaju ile vilichipua vyenyewe, kwenye visiki vilivyokuwa vimelala ardhini miaka na miaka. Nilimweleza. Akaandika. Nina hakika akihamishwa ataondoka na daftari lake, na wa nne atakuja kuniuliza tena.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na wengi, niseme kwanza ngitili ni nini. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikishakolea, ili ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia wapate cha kula wakati nyasi zimekwisha kwingine kote. Wasukuma tulikuwa nayo kabla ya idara yoyote ya misitu. Tuliipoteza kidogo kidogo. Tangu miaka ya 1920 mapori yalifyekwa kumaliza mbung'o, ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, na katikati ya miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini. Mtu akajikuta yuko mbali na ngitili yake, na eneo lisilo na mwangalizi halidumu. Nilipokuwa mtoto, upepo wa mwezi wa tisa ulikuwa unaingiza vumbi mpaka ndani ya chungu cha ugali. Mwalimu Nyerere alipopita huku miaka ya 1980 alishtuka, na Shinyanga ikawa inaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wa serikali kwa msaada wa Norway, na baadaye watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, wakaja kuungana nao. Mheshimiwa, habari za HASHI utakuwa umezisoma. Lakini taarifa nyingi zinaanzia kwenye hekta, na mimi naomba tuanzie kwa watu waliouongoza, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Mwanzoni wale wataalamu walikosea. Walikuja na vitalu, na miche mingi ya miti ya kigeni, na wazee wetu wakahisi kwamba serikali inataka kuwanyang'anya ardhi kwa kisingizio cha miti. Miche ikafa. Mradi mwingine ungeagiza miche zaidi. Hawa walikaa chini wakauliza: ninyi mnataka miti gani, na mlikuwa mnaitunzaje? Wakajibiwa kwa neno moja, ngitili. Wakaingia kwenye dagashida, baraza letu la jadi, wakakaa kama wageni wanavyokaa, wakasikiliza. Ulinzi ukabaki kwa sungusungu na faini zikapangwa na wanakijiji wenyewe. Wendelen Mlenge, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa mradi ule, ameandika juu ya ngitili kama elimu ya Wasukuma, hakuiandika kama ugunduzi wake. Mtaalamu wa misitu kukubali hilo hadharani si jambo dogo.

Nikusimulie nililoliona kwa macho yangu. Bwana misitu wa eneo letu alikuwa anakuja kwa pikipiki kila baada ya wiki mbili, tatu. Mama alimwekea michembe na karanga, naye alikula bila haraka. Siku moja alichuchumaa na baba kwenye kisiki cha mgunga chenye machipukizi kama kumi na mawili. Akaomba kisu cha baba, akaanza kupogoa, akabakiza mawili yaliyonyooka. Baba akamshika mkono: "Acha matatu. Moja ni la mbuzi." Yule bwana alicheka, akafikiri, akaacha matatu. Kisha akatoa daftari mfukoni akaandika. Msimu uliofuata tulisikia anafundisha kijiji jirani kuacha matatu, na anawaambia amefundishwa na nani. Baba alitembea na hilo neno kijiji kizima.

Yule bwana alikaa kwetu miaka tisa. Alijua ngitili ipi ni ya ukoo na ipi ni ya kijiji, nani ana ugomvi wa mpaka na nani, na mzee gani asipoarifiwa kwanza kikao hakitakuwa na watu. Hayo hayamo kwenye kitabu cha makabidhiano.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Tathmini iliyofanyika wakati ule ilikuta faida ya ngitili kwa mtu mmoja ni kama dola 14 kwa mwezi, huku wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ukiwa dola 8.5. Zilihesabiwa aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa. Fisi nao walirudi, na mbuzi wetu waliliwa, sitaki kuficha. Lakini mama yangu, aliyekuwa anaondoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua likiwa limepinda, alianza kuziokota nyuma ya nyumba. Mimi hiyo ndiyo tathmini ninayoikumbuka.

Mradi uliisha mwaka 2004. Tangu hapo tumepata kampeni nyingi na watu wachache. Sitataja ofisi wala mtu, kwa kuwa tatizo ni la mpangilio. Ila nilipita kwenye ofisi moja ya kata mwezi wa pili nikakuta viriba vimepangwa ukutani, miche mia kadhaa, majani yameshakauka. Vilishushwa kwa ajili ya siku ya kupanda miti, picha zikapigwa, aliyevileta akapata barua ya uhamisho, na hakuna aliyejua kama kumwagilia ni kazi ya mtendaji au ya shule. Niliinua kiriba kimoja. Kilikuwa chepesi kama kibuyu kitupu.

Na wakati huo ngitili zinapungua. Vijana wanagawana urithi, kila mmoja anapata kipande kisichotosha kulisha ndama wawili. Mkaa unatoka usiku. Ngitili nyingi hazina karatasi yoyote, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeweka hatimiliki ya kimila.

Mheshimiwa, nchi yetu imeahidi kurejesha hekta milioni 5.2 za ardhi iliyochakaa kufikia mwaka 2030. Dodoma watu wanaitikia Kisiki Hai, kampeni ya kutunza machipukizi ya visiki, na mimi nafurahi kwelikweli, maana ni kisu kilekile na kisiki kilekile. Fedha zitakuja tena Shinyanga, naamini. Ombi langu ni kwamba zisije kabla ya mtu.

Nataka kiongozi wa kazi hii apewe muda usiopungua miaka kumi, na mabwana na mabibi misitu walio chini yake wasiguswe katikati ya msimu. Najua uhamisho wa watumishi una taratibu zake na mengi yanaamuliwa TAMISEMI, lakini neno la Mkuu wa Mkoa lina uzito. Anayehamishwa akae na mrithi wake msimu mmoja kamili, kuanzia kufungwa kwa ngitili hadi kufunguliwa. Asipimwe kwa miche iliyoshushwa kwenye lori. Apimwe kwa visiki vilivyo hai baada ya kiangazi cha tatu.

Jingine, HASHI ilifanya kazi katika Shinyanga ya zamani. Mwaka 2012 Maswa, Meatu na Bariadi zilikwenda Simiyu, na Bukombe ikaenda Geita. Ng'ombe hawajui mpaka huo. Kiangazi kikibana wanavuka, na wakivuka hakuna chombo kimoja kinachoongea na pande zote. Kaa na wenzako wa Simiyu na Geita muunde chombo hicho, kiongozwe na wataalamu wa misitu, malisho na ardhi.

Na wawepo wanawake humo, kwa mamlaka kamili. Dagashida ya baba zetu ilikuwa ya wanaume, na hapo hata HASHI haikufika mbali vya kutosha. Anayejua kuni zimeisha upande gani ni mama, anayejua nyasi za kuezekea zimerudi ni mama, halafu siku ya kupanga faini anapika chai. Mpeni kiti na sauti.

Wale wataalamu wa zamani waliobaki ni wazee sasa. Waiteni kabla hatujawazika. Hawahitaji semina hotelini. Wapandisheni gari, wawatembeze mabwana misitu vijana kwenye ngitili walizozifunga wenyewe, na huko kila mmoja aandike anachosikia.

Ngitili yangu nitaifungua mwezi wa nane, ndama wakishaanza kukonda. Nakukaribisha, Mheshimiwa. Njoo na yule kijana aliyeniuliza nilipanda miti gani. Kisiki cha baba bado kipo, chenye mashina mawili makubwa kuliko mapaja yangu, na kovu la lile la mbuzi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na mfugaji, Shinyanga