Makabati ya mninga yanaondoka kwa bei ya kuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye nyumba, wakuu wa maofisi na hasa walimu wakuu, kuhusu hizi fanicha za zamani tunazozitoa majumbani kila siku utadhani hazina mwenyewe. Mimi ni fundi seremala hapa Tanga, kazi yangu kubwa ni kutengeneza vilivyovunjika kuliko kuuza vipya, na ninachokiona kinaniuma kweli.

Mtu ana kabati la mninga alilochongewa babu yake, bawaba ya mlango mmoja imelegea, droo inagoma, polishi imefubaa, basi anaita mwenye mkokoteni linaondoka kwa bei ya kuni, halafu yeye anaenda kukopa anunue kabati la MDF lililobandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Jamani ile ni nyuzi za mbao na gundi zimegandamizwa, sio ubao. Na huku pwani unyevu wenyewe mnaujua. Ukipiga deki maji yanapenya chini pale kwenye ukingo karatasi ilipobanduka, inavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, na ikishavimba hairudi, skrubu ya bawaba inang'oka na kipande chake na hakuna tena pa kuifunga. Wananiletea hayo makabati yana mwaka mmoja, miwili, nashindwa hata nianzie wapi, wakati lile la babu nilikuwa nalimaliza kwa siku moja.

Mninga sio mbao ya kuchezea. Ule moyo wake mwekundu mchwa hawaugusi kirahisi (kinacholiwa ni ule weupe wa pembeni), na ukishakauka hausinyai ovyo wala haupindi, ndo maana unakuta droo iliyotengenezwa enzi za mkoloni mpaka leo inaingia na kutoka vizuri, ukiipaka nta ya mshumaa kwenye reli zake ndo kabisa. Mti wenyewe unatoka kwenye miombo huko Tabora na Katavi na unakua taratibu mno, ukiupanda leo watakaoupasua mbao ni wajukuu. Mkongo na mvule ni hadithi hiyohiyo. Siku hizi mbao zilizojaa madukani ni paini za Sao Hill kule Mufindi, na mwenye uwezo kidogo anatafuta mtiki wa Longuza au Mtibwa. Siikatai paini, ikikaushwa ikatiwa dawa inafanya kazi yake, ila huwezi kumwambia mtu atoe mninga mkavu wa miaka sitini aweke paini mbichi eti amefanya maendeleo.

Sasa niseme na mafundi wenzangu, maana na sisi tunaharibu. Kitu cha kwanza misumari. Kiti cha zamani kimeungwa kwa ulimi unaoingia kwenye tundu, kikianza kucheza mara nyingi mbao ni nzima kabisa, ni gundi tu imechoka. Vile vya zamani sana vilishikwa na gundi ya ngozi na mifupa ya ng'ombe, ambayo ukiipa maji ya moto au mvuke inalainika, unagongagonga taratibu kwa nyundo ya mbao kiungo kinatoka bila kupasua kitu, halafu unakwangua gundi yote ya zamani mpaka uione mbao yenyewe, maana gundi nyeupe ya siku hizi haishiki vizuri juu ya ile ya zamani, ukimaliza unapaka mpya unabana na klampu unaacha mpaka kesho. Basi. Kiti kinaendelea na maisha. Lakini vinanifikia vimeshapigwa misumari minne mitano kila mguu, ulimi umepasuka katikati kwa urefu, msumari umeshika kutu na mbao inayouzunguka imekuwa nyeusi, hapo tena inabidi nikate nichonge ulimi mpya niupandikize, na mwenye kiti analalamika bei. Misumari ile ilipigwa kwa dakika mbili!

Cha pili ni hii tabia ya kila kitu kukipiga msasa wa mashine halafu kukipulizia klia inayong'aa. Kabla hujashika mashine chukua pamba, ilowanishe spiriti, sugua sehemu iliyojificha, tuseme nyuma ya mguu. Ikianza kunata na rangi ya kahawia ikaja kwenye pamba ujue hiyo ni polishi ya shelaki, inayotokana na wadudu wa huko India, na hiyo haihitaji kukwanguliwa, unaifufua kwa spiriti na shelaki mpya kidogo kwa kitambaa, hata yale madoa meupe ya vikombe vya chai mengi yanatoka. Isiponata jaribu tina, ikilainika kwa tina ni laka. Isipolainika kwa vyote viwili basi yawezekana ni vanishi ya mafuta, nenda nayo polepole. Mashine ya msasa haijui kuchagua, inakula nakshi, inakula kingo, inakula ile rangi nzuri ambayo mninga unaipata kwa umri. Nimeona kitanda cha samadari, matendegu yamekerezwa kwa mkono, mtu amepitisha mashine mpaka mizunguko yote imelala, halafu akapaka rangi ya mafuta ya kahawia juu yake na kwenye vile vioo vyake vya michoro. Nilishindwa kuongea.

Na tukumbuke pwani hii yetu katika karne ya 19 ndo iliyokuwa inachimba sandarusi, yaani utomvu wa miti ulioganda ardhini, huko Mrima (upande wa bara unaotazamana na Unguja), inapitia Unguja inapelekwa mpaka Salem kule Marekani, wanaisafisha kisha inapikwa na mafuta kuwa vanishi ya fanicha na ya magari ya farasi, na ilisifika kwa ugumu. Kwa hiyo habari ya kung'arisha mbao haikuja jana na makopo ya dukani.

Kuhusu shule. Mwaka 2016 nchi nzima tulihangaika na kampeni ya madawati, watu walichanga, na ilikuwa jambo jema sana. Leo pita nyuma ya madarasa uone, kuna marundo ya madawati, fremu ya chuma nzima, ubao tu umeng'oka au weldingi imeachia sehemu moja, yananyeshewa, na watoto wengine wamebanana watatu wanne. Kubadilisha ubao mmoja na kuchomelea kiungo kimoja hakufikii hata kidogo bei ya dawati jipya. Naomba halmashauri zetu ziweke fungu la matengenezo, hata dogo, na kisiuzwe wala kutupwa kitu cha mbao cha serikali kabla fundi hajakikagua na kuandika kinahitaji nini. Na VETA, ambao wanatufundishia vijana useremala vizuri, waongeze kozi fupi ya kutengeneza fanicha kuukuu, kijana ajue kufungua kiungo na kutambua polishi, maana anayetoka chuoni leo anajua kuunda kipya lakini ukimpa kiti kilicholegea anatafuta msumari.

Na wewe msomaji mwenye kabati unalotaka kulitoa, chomoa droo moja uigeuze, angalia chini na nyuma ambako huwa hapapakwi rangi, kwaruza kidogo kwa kucha. Ukikuta mbao nyekundu nzito na kona zake zimeshikana kwa meno bila msumari hata mmoja, usimwite mwenye mkokoteni, ita fundi kwanza akuambie bei ya kulitengeneza.

Fundi seremala,
Ngamiani, Tanga