Bima zote zichangie mratibu mmoja wa wagonjwa vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji nizungumze na wanaosimamia bima ya afya nchini. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Igunga mkoani Tabora, na sasa ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji chetu.

Wilaya hii ndiko Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulikojaribiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Kaya ilichangia shilingi 5,000 kwa mwaka na serikali ikaongeza kiasi hicho hicho, utaratibu tulioujua kwa jina la tele kwa tele. Asiyejiunga alilipa papo kwa papo kila alipougua. Kadi ile ilitumika kwenye kituo ulichojiandikisha tu, ukivuka kwenda kwingine wewe ni mgeni. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza 2018, iliondoa kero hiyo: kwa shilingi 30,000 kaya ya watu sita ikawa inatibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Nashukuru kwa hilo. Kilichobaki ni habari za mgonjwa mwenyewe, ambazo mpaka leo hazimfuati anakokwenda wala anakotoka.

Kuna boma moja hapa jirani. Bibi ana kadi ya CHF. Mkwewe ni mwalimu wa shule ya msingi, yuko Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, anakatwa asilimia tatu ya mshahara na mwajiri anamwongezea tatu. Kijana wa pili anafanya kazi mgodini, na kampuni imemkatia bima binafsi yeye, mke na watoto. Babu amevuka miaka 60, anatibiwa kwa msamaha wa wazee. Wote hao wakiugua wanaanzia zahanati ile ile, kwa muuguzi yule yule, lakini kila mmoja ana fomu yake na bei zake.

Bibi huyo ana presha na kisukari. Mwaka jana alipewa rufaa, akalazwa, akabadilishiwa dawa, akaruhusiwa. Majibu ya rufaa hayakurudi zahanati. Dawa mpya zilipoisha alizirudia zile za zamani alizokuwa ameziweka kwenye kopo, nasi tukapata habari zake baada ya kidonda cha mguu kuanza kunuka. Akakatwa chini ya goti. Miaka ya nyuma tungesema ni mto, maana kabla Daraja la Mbutu halijajengwa, mvua zikikolea wagonjwa wa upande wa Manonga walikwama. Sasa daraja lipo na gari linapita. Hospitali aliyolazwa siitaji, kwa sababu sidhani kuna mtu aliyezembea. Ila katika mlolongo mzima, kuanzia kijijini hadi wodini, hapakuwa na hata mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza: yule bibi amerudi nyumbani na dawa gani, na zitaisha lini?

Kazi hiyo haina wa kuilipa. Bima inalipa mgonjwa akionana na daktari, akipimwa, akipewa dawa, akilazwa. Kumpigia simu, kumfuata nyumbani, kuzungumza na daktari aliyemtibu, kukaa jioni na daftari la MTUHA, lile la kumbukumbu za wagonjwa, kuona nani hakuja kliniki mwezi huu: katika utumishi wangu wote sikuona mstari wa kazi hizo kwenye fomu ya madai ya bima yoyote. Tulizifanya kwa huruma, kwa simu zetu na vocha zetu, na siku ambayo wajawazito wawili walishikwa uchungu kwa pamoja hazikufanyika kabisa.

Naelewa kwa nini hakuna bima inayotaka kuzilipia peke yake. Ikimwajiri mtu katika kata yetu, mtu huyo atawafuatilia na wanachama wa bima nyingine, na mwanachama wake anaweza kuhamia kwingine mwakani. Basi kila mmoja anamtazama mwenzake. Huku kwetu kaya zenye ng'ombe wachache huunganisha mifugo na kumlipa mchungaji mmoja, kila mwenye ng'ombe kwa idadi ya ng'ombe wake. Ninachoomba ni hicho hicho. Kila mfuko na kila kampuni ichangie kiasi kilichopangwa kwa kila mwanachama anayeishi katika eneo la kituo cha afya na zahanati zinazokizunguka. Serikali iwalipie wazee wa msamaha na wasio na uwezo. Fedha zote ziingie mahali pamoja, zilipe muuguzi mratibu, pikipiki, mafuta na vocha, na mratibu asimuulize mgonjwa ana kadi ya rangi gani.

Jambo hili limefanyika kwingine. Jimbo la Vermont nchini Marekani, ambalo sehemu kubwa ni vijiji na miji midogo, liliweka mpango wake wa kuratibu wagonjwa kwenye sheria mwaka 2006, likaanza majaribio 2008, mji mdogo wa St. Johnsbury ukiwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Sheria ya 2010 ikayataka makampuni makubwa ya bima yote yashiriki, na Medicare, bima ya wazee ya serikali kuu, ikaingia 2011. Mwanzoni kiwango kilikuwa dola 350,000 kwa mwaka kwa kila wagonjwa 20,000, fedha za kuajiri watumishi kama watano wa kufuatilia wagonjwa, na bima ziligawana gharama hiyo. Mgonjwa hakudaiwa kitu. Najua mfuko wao si mfuko wetu, na sisi kwa kuanzia hatuhitaji watu watano. Cha kuiga ni ule mgawanyo.

Wapo watakaosema fedha zitaliwa. Lakini tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kamati kama yetu zinapaswa kuzijua zinavyoingia na zinavyotoka. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wanakuja: mpango uliozinduliwa Januari 2024 ulilenga kufikisha wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hao wanajua nyumba kwa nyumba, ila wanahitaji mtu wa kituoni wa kumpelekea wanachokiona, mwenye mamlaka ya kuinua simu na kuongea na hospitali.

Machi 2024 hospitali binafsi zilipogomea kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei inazozilipia, taifa zima lilijadili bei. Ulikuwa mjadala muhimu. Hata hivyo ulihusu zaidi mgonjwa akiwa ameshafika hospitali, wakati gharama kubwa za presha na kisukari zinaanza kujengeka miaka mingi kabla, kijijini, mtu anaporuka dozi bila mtu kujua. Figo zikifa, kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, na bima ndiyo inayolipa. Mshahara wa muuguzi mmoja wa kata ni mdogo mno mbele ya gharama hiyo.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na sheria hiyo inaruhusu skimu za umma na za binafsi zifanye kazi pamoja chini ya usimamizi wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Maana yake kadi vijijini zitaongezeka aina. Namwomba Kamishna wa Bima, Wizara ya Afya na TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri, watujibu kupitia gazeti hili: je, mchango wa pamoja wa uratibu unaweza kuwekwa kwenye kanuni kuwa sharti la kila skimu inayosajiliwa? Kama unaweza, kiwango kwa kila mwanachama kitakuwa shilingi ngapi, na wilaya zipi zitaanza?

Muuguzi mstaafu,
Igunga, Tabora