Malalamiko: Jiko la Mkaa Kwenye Kibanda Kilichozibwa Dohani

Uyole, Mbeya
Julai

Kwa Meneja,

YAH: KUPEWA JIKO LA MKAA KATIKA CHUMBA KISICHO NA NJIA YA HEWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyelala kwenye kibanda chenu cha milima ya Livingstone, njia ya kutoka Kitulo kushukia Matema, pamoja na mke wangu, mdogo wangu na binti yangu wa miaka tisa. Naandika kwa sababu usiku ule tungeweza kufa, na kwa jinsi chumba kilivyo sasa, mgeni mwingine anaweza kufa wiki hii.

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Mwezi huu wa saba umande unaganda kwenye majani, na bila moto mtoto halali. Waliojenga kibanda hicho zamani walilijua hilo: waliweka mahali pa kukokea kuni, dohani ya mawe ya kutolea moshi, na matundu ya hewa chini ya paa. Mafundi wenu wameziba vyote. Wamefunga dari la jipsamu, wameweka madirisha ya alumini yasiyopitisha hata upepo, na kwenye mdomo wa dohani wamepigilia bati na kulipaka rangi nyeupe ileile ya ukuta. Nililigonga kwa kidole ndipo nikajua ni bati.

Halafu jioni mhudumu akatuletea jiko la mkaa, limekolea vizuri, akaliweka juu ya matofali mawili katikati ya vitanda. Alisema ndivyo alivyoelekezwa kwa kila mgeni wa msimu wa baridi. Simlaumu hata kidogo.

Mkaa uliokolea hautoi moshi, ndiyo maana unadanganya watu. Unachotoa ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyelala hapati hata nafasi ya kushtuka. Usiku wa manane binti yangu aliamka analia kichwa, akatapika. Mke wangu alisimama kumshika, miguu ikamlegea. Tulilitoa jiko nje, tukafungua mlango, tukakaa tumejifunika mablanketi mpaka kukapambazuka. Maumivu ya kichwa yalikuwa bado hayajatuisha tulipofika Matema. Mtoto asingeamka, nani angemwamsha mwenzake?

Kazi nyingine mmeifanya vizuri, na ni haki niseme. Kuta za mawe zimesimama imara, maji yapo, choo ni safi. Lakini tangazo lenu linasema kibanda kimerudishwa katika hali yake ya asili. Jengo la milimani lililozibwa dohani halijarudishwa popote. Limegeuzwa chumba cha gesti ya mjini na kuachwa kwenye baridi ambayo gesti ya mjini haiijui.

Naomba jiko la mkaa liondolewe kibandani leo, kwa simu, kabla hamjamaliza kuijadili barua hii. Lile bati ling'olewe, dohani izibuliwe na kukaguliwa na fundi anayejua moto, na matundu ya hewa yarudishwe hata kama dari litaharibika. Mpaka hapo msipokee wageni wa kulala. Wapeni nafasi Matamba au mahali pengine bila kuwaongezea gharama. Mhudumu aelezwe dalili za gesi hiyo, maana yeye analala chumba cha pili na jiko la aina hiyohiyo.

Kuhusu fedha, nadai mnirudishie malipo yote ya usiku ule. Risiti na picha za dohani nimeziambatisha.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitaiwasilisha barua hii pamoja na picha kwa afisa utalii wa wilaya. Suala la jiko, hata hivyo, halisubiri siku hizo.

Wenu,
Mteja, Uyole