Panchi ya waini nyeupe kwa siku ya kuvunja kikoba

Shosti wangu,

Habari za Iringa, watoto hawajambo? Huku Mbeya tuko wazima, jua tu ndo linatuwakia, si unajua Novemba ya kwetu kabla mvua hazijakolea, vumbi mpaka kwenye kope. Meseji yako ya kuniuliza panchi ya waini nyeupe, kile kinywaji cha kuchanganya waini, juisi na matunda, kwa siku mnayovunja kikoba na kugawana akiba zenu, niliiona juzi ila nikasema hapana, hili jambo silijibu kwa voisi noti, nalipenda mno na nikianza siachi, bora nikuandikie kabisa ukae nayo jikoni.

Kwanza hizo resipe ulizonitumia zisome lakini usizifate zote, maana wenzetu wa Ulaya na Marekani wanakuandikia kinywaji cha msimu wa joto, Juni mpaka Agosti, wakati miezi hiyo sisi Mbeya tumevaa masweta mawili mawili na mgeni ukimpa kitu cha barafu anaona humtakii mema. Joto letu ni hili la sasa hivi mpaka Desemba, na uzuri wake ndo wakati embe zinapanda kutoka Kyela, kwahiyo panchi yetu ianzie kwenye embe, sio kwenye stroberi za dukani. Na wala usiwaambie akina mama ni sangria, ile waini ya matunda ya Kihispania, Wahispania na Wareno jina lao wanalilinda, kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2014 inasema kinachouzwa kwa jina la sangria tupu lazima kiwe kimetengenezwa Hispania au Ureno. Sisi hatuuzi, ila yetu tuiite panchi tu, inatutosha.

Sasa waini. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanachukua waini swiiti kwa sababu wanajua akina mama wanapenda tamu, afu wanaweka juisi tamu, soda tamu na sukari juu, glasi ya kwanza watu wanasifia, ya pili inabaki mezani. We chukua waini nyeupe drai, yani isiyo na utamu kabisa, iliyoandikwa drai, na utamu uache utoke kwenye matunda. Ya Dodoma inafaa sana, kule wanalima zabibu nyeupe inayoitwa Chenin Blanc, asili yake Ufaransa, na Afrika Kusini wameilima miaka na miaka, sifa yake ni kwamba hata ikilimwa kwenye jua kali haipotezi ule ukali wake wa kama ndimu, na ukali huo ndo unaobeba embe na nanasi visikinaishe. Usinunue chupa ya bei kubwa, hela hiyo utakuwa umeimwaga maana matunda yataifunika, na ile iliyolazwa kwenye mapipa ya mbao achana nayo kabisa, ladha ya mbao na pasheni haziendi pamoja.

Vipimo ni hivi, chupa 2 za 750 ml, lita 1 ya juisi na lita 1 ya soda, inakuja kama lita 3 na nusu, glasi za 200 ml kama 17 hivi. Kikoba chenu mko wengi kwahiyo zidisha mara mbili au tatu, ila usichanganye kila kitu kwa mkupuo, tengeneza ndoo moja ikikaribia kuisha ndo unaandaa nyingine, soda isije ikakufia.

Juisi mi naweka nusu pasheni nusu nanasi. Nanasi linuse kwenye kitako, kama halinukii liache hapohapo hata kama rangi inakuvutia. Pasheni chukua zile zilizojikunja ganda, zile zinazong'aa bado chachu, kamua kwenye chujio uitoe juisi, afu rudisha kijiko kimoja cha mbegu ndani ya ndoo, zinapendeza zikielea na watu wanajua hii sio ya paketi. Limao kamua mawili.

Matunda ya kukata ndo raha yenyewe. Embe chagua zilizoiva lakini bado zinakuwa ngumu kidogo ukizibonyeza, zikiwa laini sana zinageuka uji. Menya, kata vipande vidogo kama vya kachumbari ya nyanya, vipange kwenye trei visigusane, ingiza friza usiku kucha, asubuhi unavitoa vimekuwa vigumu kama mawe na hivyo ndo barafu yako. Nasema hivi kwa herufi kubwa shosti: BARAFU YA MAJI USIWEKE NDANI YA PANCHI. Inayeyuka, kazi yote uliyofanya inakuwa maji ya rangi, lakini kipande cha embe kikiyeyuka kinazidi kuongeza utamu na mtu anakila mwisho. Zabibu nazo zigandishe hivohivo. Epo za Njombe ukizipata kata nyembamba na ganda lake, zikamulie limao hapohapo zisiwe nyeusi. Mafyulisi yakiwa yameshaanza kuingia sokoni weka, yanaipenda waini nyeupe kuliko tunda lolote nalolijua. Chungwa kata viduara vyembamba lakini liingie saa moja ya mwisho tu, lile ganda jeupe likilala kwenye waini linaleta uchungu. Ndizi hapana, papai hapana, tikiti hapana, ndizi inakuwa nyeusi na utelezi, hao wengine wanalegea na kuichafua panchi.

Sukari usimwage kavu, kwenye kitu cha baridi haiyeyuki, inakaa chini na wa mwisho kuchota ndo anaikuta yote. Chemsha kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji, tupia tangawizi iliyopondwa na majani mawili matatu ya mchaichai, ikishayeyuka zima, funika, iache ipoe kabisa afu chuja. Onja panchi kwanza, kama embe zina sukari ya kutosha utaweka vijiko vichache tu, mi mara nyingi nyingine nabaki nayo naiwekea chai.

Waini, juisi na zile epo na mafyulisi vichanganye asubuhi, vikae kwenye friji masaa manne mpaka matano, hapo matunda yanakunywa waini na waini inakunywa matunda. Umeme ukikatika deli la barafu linafanya kazi ileile, tumbukiza sufuria iliyofunikwa vizuri katikati ya barafu. Soda inaingia mwisho kabisa, wageni wakiwa wameshakaa, na iwe imetoka kwenye baridi kali maana gesi inakaa kwenye kinywaji baridi, kikiwa cha moto inatoka yote kwa dakika. Ukitaka nyepesi weka soda wota, ukitaka yenye mkwaruzo weka Stoney Tangawizi, mi ya pili ndo naipenda ila basi ile sirapu ya tangawizi uipunguze. Mimina taratibu pembeni ya ndoo, geuza na upawa mara moja, embe za friza juu, basi.

Sasa nisikilize hili vizuri. Waini ya kilevi asilimia 12 ukiichanganya kwa vipimo hivyo inashuka kama asilimia 5, yani kila lita moja ya panchi iko sawa na lita moja ya bia, lakini mdomoni ni juisi. Mtu anakunywa glasi nne amesimama kwenye jua anadhani anakata kiu. Kwahiyo chakula kitangulie, maji ya kunywa yawe mengi mezani, na akija mtu na kichupa cha konyagi anataka kuichangamsha panchi mkatalie, hata awe shemeji. Na ulanzi, ile pombe ya mianzi, najua kwenu hauwezi kukosa, msimu wake ndo unaanza, uacheni kwenye lita zake, usichanganywe humu, ulanzi bado unachacha, mtogwa, ule mtamu wa asubuhi, jioni unaelekea mkangafu, ule mkali, na hutajua tena umewapa watu kitu gani.

Na nakuomba sana, tengeneza na ndoo ya pili isiyo na kilevi, iwe nzuri sawasawa na ile ya kwanza, sio unawawekea soda ya chupa kwenye kona. Walokole mnao, Waislamu mnao, yupo mwenye mimba, yupo wa kuendesha gari, na wote wamechangia hisa kama wengine. Badala ya waini weka chai ya rangi, majani ya Mufindi si yako hapo mlangoni kwenu, ichemshe iwe nzito kidogo, ipoze kwenye friji, ile tanini ya majani inakausha ulimi kidogo kama waini drai inavofanya, ukiweka pasheni, limao na embe za friza inatoka kitu cha heshima kabisa. Ndoo zenyewe ziwe rangi mbili tofauti, ubandike karatasi yenye maandishi makubwa, na upawa kila moja wa kwake, watoto wakae mbali na ile ya waini.

Haya niambie mko wangapi na ni Jumamosi ya tarehe ngapi nijue embe ngapi. Nitazipitia Mwanjelwa Ijumaa jioni, nizipange kwenye boksi na magazeti, nimkabidhi kondakta wa basi la alfajiri, namba yake nitakutumia ukamsubirie stendi, ila zikifika zikate siku hiyohiyo uziingize friza, zisilale na joto.

Msalimie shemeji na mama.

Shosti wako wa Mbeya